Programu ya duka letu inakwama tangu tuipeleke mtandaoni

Mpendwa mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Arusha. Ni mhasibu katika duka la vipuri vya magari la baba yangu mdogo. Nilianza hapo nikiwa nimetoka chuo na diploma yangu, wakati stoo nzima ilikuwa kwenye kaunta buku nne. Mwaka 2012 nikajifunza Access, programu ya Microsoft ya kutengeneza databesi (hifadhi ya taarifa kwa majedwali), mwenyewe, usiku, watoto wakishalala, nikatengeneza programu ya mauzo na stoo. Hakuna aliyenituma. Nilichoka kupanda ngazi kwenda kuhesabu feni belti kila mteja alipouliza.

Programu ile imetulea. Ina vipuri zaidi ya 14,000, ina wadeni wetu wote, na ina jedwali la namba mbadala ambalo nimelijenga kidogo kidogo kwa miaka, maana filta moja ya oili inaweza kuwa na namba ya Toyota, namba ya kiwanda kingine, na jina ambalo mafundi wa mtaa wa Unga Limited wameipa wenyewe. Kompyuta sita za dukani zinafungua faili moja lililo kwenye folda ya pamoja katika kompyuta ya ofisini. Miaka yote hiyo faili limeharibika mara mbili tu, na zote mbili nililitengeneza likarudi.

Mwaka jana baba mdogo alifungua tawi Moshi, kisha Babati. Akataka matawi yote yaone stoo moja. Akalipia nafasi ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, akaniambia, "Iweke huko, kila mtu aifungue." Nikaliweka faili kwenye folda inayojisawazisha yenyewe kwenye kila kompyuta. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya pili nikakuta mafaili mawili yenye jina moja, moja limeongezewa jina la kompyuta ya Moshi. Kumbe Moshi na Babati wameuza gia boksi moja ya Hilux iliyokuwa stoo ya Arusha. Mteja wa Babati alikuwa ametoka Kondoa kwa basi kuifuata. Alikaa kwenye benchi letu mpaka saa kumi jioni, hakugomba hata kidogo, na kule kutogomba kwake ndiko kulikoniumiza.

Fundi wa mtandao akatuunganishia VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti, ili matawi yafungue folda ya Arusha moja kwa moja. Babati wakawa wanasubiri dakika nne ukurasa wa mauzo ufunguke. Halafu Jumamosi moja intaneti ya Moshi ikakatika muuzaji akiwa katikati ya kuingiza mauzo. Jumatatu asubuhi faili halikufunguka, likasema muundo wa databesi hautambuliki. Nilirudi kwenye nakala ya Ijumaa, tukaingiza upya mauzo ya Jumamosi kutoka kwenye risiti mpaka saa nne usiku.

Sasa mtoto wa baba mdogo, mdogo wangu huyo, amemaliza chuo Dodoma. Anasema Access si databesi, tuitupe, tuhamie kwenye mfumo wa seva na mteja kwa PostgreSQL, databesi ya seva isiyo na malipo, na yeye ataandika programu mpya ya kufungulia kwenye kivinjari. Fundi wa mtandao anasema hapana, tukodi kompyuta iliyo mtandaoni, programu ikae humo kama ilivyo, matawi yaone skrini tu. Baba mdogo anataka jibu mwisho wa mwezi, na anataka nilitoe mimi.

Nikikubali la kijana, miaka yangu yote inakwenda na maji na mimi nabaki kuwa mtu wa kuingiza tarakimu. Nikikataa, naogopa nazuia duka la familia lisikue kwa sababu ya kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Nimeshindwa hata kujua kama nafikiria kuhusu kompyuta au kuhusu mimi mwenyewe. Nishauri.

Mwenye Programu, Arusha


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa ile Jumatatu. Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliiona kama swali la kompyuta, mara ya pili kama swali la familia. Mara ya tatu nikaona kwamba umeyafunga mambo mawili kwenye mzigo mmoja, na ndiyo maana unashindwa kuubeba. Niruhusu niufungue, nianze na la kompyuta, kwa sababu hilo ndilo linalokutia aibu usiyostahili.

Unasema, kwa namna fulani, kwamba programu yako imeshindwa. Nataka turudi kwanza kwenye duka la Arusha, kabla ya Moshi na Babati, tuangalie ilivyokuwa ikifanya kazi.

Muuzaji wa kaunta ya pili anaandika namba ya filta. Kompyuta ya ofisini, inayotunza faili, haijui kwamba kuna mtu anatafuta filta. Haijui filta ni nini. Yenyewe ni rafu tu. Anayetafuta ni Access iliyo kwenye kompyuta ya kaunta: inakwenda kwenye rafu kupitia waya, inachukua ukurasa wa indeksi, orodha inayoonyesha kila kitu kiko wapi, inausoma, unaielekeza kwenye ukurasa mwingine, inarudi kuuchukua huo, mpaka impate mhusika. Kila ukurasa, yaani kipande kimoja cha faili, ni kilobaiti 4. Na ili watu sita wasigongane, kuna faili dogo linalozaliwa pembeni ya faili lako kila asubuhi. Fungua ile folda duka likiwa wazi, utaliona: jina ni lile lile, mwisho wake ni laccdb. Humo ndimo zinamoandikwa kompyuta zilizoingia. Wa mwisho akitoka, linafutika. Utaratibu wote wa kupishana umesimama juu ya kijifaili hicho, na juu ya imani kwamba wote mnaokiona mnakiona kile kile, kwa wakati ule ule.

Fikiria stoo ya vipuri ambayo haina mlinzi wala mtunza stoo. Kila muuzaji anaingia mwenyewe, anapekua rafu mwenyewe, anaandika mwenyewe kwenye bin kadi alichotoa. Kama stoo iko nyuma ya kaunta na wauzaji ni sita wanaoaminiana, kazi inakwenda, tena inakwenda haraka kuliko kumsubiri mtunza stoo. Hivyo ndivyo Access ilivyokusudiwa tangu ilipotoka mwaka 1992, na hivyo ndivyo ilivyokutumikia. Miaka kumi na kitu, watumiaji sita, imeharibika mara mbili. Nami nilianzia kwenye FoxPro, iliyokuwa ya ukoo huo huo wa mafaili ya pamoja. Natamani ningekuwa na historia safi kama yako.

Ulipoliweka faili kwenye folda inayojisawazisha, stoo ikageuka kuwa stoo tatu. Kila tawi likapata rafu zake na kijifaili chake cha kupishana, kila moja likajiona liko peke yake. Huduma ya kusawazisha mafaili haisomi yaliyomo. Inaona tu kwamba faili hili limebadilika Moshi na limebadilika pia Babati, haijui lipi ni sahihi, basi inayaacha yote mawili na kubandika jina la kompyuta kwenye moja. Kwa picha za harusi na barua za ofisi utaratibu huo ni mzuri sana. Kwa gia boksi moja yenye wateja wawili, umeona mwenyewe.

Kwenye VPN tatizo lilikuwa jingine kabisa, na hapa naomba unifuate kwa hesabu. Ndani ya duka, ombi kwenda ofisini na kurudi huchukua chini ya milisekunde moja, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Tuseme nusu. Tuseme pia kwamba kufungua ukurasa wa mauzo kunahitaji kurasa 600 za faili, zikichukuliwa moja baada ya nyingine. Dukani ni chini ya theluthi ya sekunde, huioni. Sasa weka umbali wa milisekunde 150 kati ya Babati na faili: kurasa zile zile 600 zinachukua sekunde 90. Programu hukumbuka baadhi ya kurasa na kuzivuta kwa mafungu, kwa hiyo namba halisi za kwako zitatofautiana, lakini unaona dakika zako nne zimetoka wapi. Kununua bando kubwa zaidi kusingewasaidia Babati. Kurasa 600 ni megabaiti mbili na ushei, bando gani linashindwa hizo? Kilichowamaliza ni safari 600.

Na ile Jumamosi ya Moshi: kompyuta ya muuzaji ilikuwa rafuni, imeshika ukurasa, nusu imeandika, barabara ikakatika. Hakukuwa na mtu upande wa Arusha wa kumalizia wala wa kufuta. Rafu haiwezi kujitengeneza.

Kwa hiyo swali la "tuweke wapi faili" linaficha jingine, ambalo ningependa ulilale nalo: nani anapekua, na amesimama umbali gani kutoka kwenye anachokipekua? Ukilishika hilo, mapendekezo ya kijana na ya fundi hayatakutisha, kwa sababu yote mawili ni majibu ya swali hilo moja. Kijana anataka kumweka mtunza stoo dirishani. Fundi anataka kuwahamishia wauzaji wote stoo.

Nianze na kijana, kwa kuwa ndiye aliyekuumiza. Maneno yake kwamba Access si databesi yamevuka mpaka. Ina majedwali, ina indeksi, ina mahusiano kati ya majedwali, ina miamala, yaani mabadiliko yanayokamilika yote au kufutwa yote. Ina pia ukomo: faili haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na ingawa kwa maandishi inapokea watumiaji 255 kwa pamoja, wanaoitumia kila siku huanza kuhangaika mapema zaidi ya hapo. Na kuna databesi nyingine ya faili, SQLite, iliyoanza mwaka 2000, ambayo imo ndani ya simu janja iliyo mkononi mwako sasa hivi. Hakuna anayeidharau. Lakini hata waandishi wake wanasema wazi kwamba pakiwa na mtandao kati ya programu na data yake, heri utafute mfumo wa seva. Kwa hiyo kijana ana hoja, hata kama aliisema vibaya.

Katika mfumo wa seva na mteja, Babati haivuti kurasa. Inatuma sentensi moja: nipe filta yenye namba hii. Seva inapekua yenyewe, ikiwa imekaa juu ya rafu zake, inarudisha mistari mitatu. Safari moja. Na seva ina tabia ambayo rafu haina: kabla ya kugusa jedwali, huandika kwenye daftari lake la kumbukumbu inachokwenda kufanya. Intaneti ya Moshi ikikatika katikati ya muamala, seva inafuta yale yasiyokamilika, Jumatatu mnafungua duka. Umeme ukizima kwenye seva yenyewe, ikiwaka inasoma daftari lake na kujirudisha sawa. Jumatatu yako ingekuwa siku ya kawaida.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo kijana huenda hajakwambia, pengine kwa sababu hayajamkuta.

La kwanza ni ile gia boksi. Mmeamini kwamba seva ingezuia kuuzwa mara mbili. Si lazima. Tuseme Moshi wanauliza: zipo ngapi? Seva inajibu, moja. Sekunde ileile Babati wanauliza, nao wanajibiwa, moja. Kila mmoja anamgeukia mteja wake, anakubaliana bei, anabonyeza kuuza. Kama programu imeandikwa isome kwanza halafu ipunguze baadaye, seva itatii wote wawili kwa adabu, na mteja wa Kondoa atapanda basi. Ili hilo lisitokee, sharti kupunguza na kuhakikisha viwe tendo moja: punguza moja ikiwa bado ipo angalau moja, na kama haipo, kataa. Seva inakupa kufuli, lakini kulifunga ni kazi ya mwandishi wa programu. Muulize kijana ataifungaje. Muulize kwa nia njema, maana jibu lake litakuonyesha amefikiria kiasi gani.

La pili ni herufi. Programu yako, mtu akitafuta "hilux" kwa herufi ndogo, inampata "HILUX". PostgreSQL kwa kawaida yake haifanyi hivyo, kwake hayo ni maneno mawili tofauti. Siku ya kwanza ya mfumo mpya muuzaji wa Moshi ataandika "hilux", ataambiwa hakuna, na atapiga simu Arusha kusema mmepoteza stoo. Kuna namna kadhaa za kulitibu jambo hilo na zote ni rahisi, lakini lazima awepo mtu anayejua wauzaji wenu huandikaje. Huyo ni nani?

Kuna pia njia ya katikati ambayo hakuna aliyekutajia, nayo ni kuhamisha majedwali peke yake kwenda kwenye seva, na kuacha fomu zako, ripoti zako na risiti zako zikiwa Access kama zilivyo, zimeunganishwa na majedwali ya huko. Inawezekana, na wengi wamepitia njia hiyo. Wauzaji hawabadilishi chochote wanachokiona. Hatari yake ni kwamba programu iliyozaliwa kwa ajili ya rafu huendelea kuwa na tabia za rafu. Kama ukurasa wako wa mauzo unafungua orodha yote ya vipuri 14,000 ndipo muuzaji achague, orodha yote itasafiri. Na kama umeandika kikokotoo chako mwenyewe cha bei, ukakitumia kama kigezo cha kuchagua, seva haikijui hicho kikokotoo. Access italazimika kuivuta mistari yote ije ihesabiwe Babati. Nimeona watu wakihamia seva na kukuta programu imekuwa nzito kuliko mwanzo, wakailaumu seva. Ukiifuata njia hii, kazi yako itakuwa kupita ukurasa mmoja baada ya mwingine ukiuliza: hapa naomba nini, na naomba zaidi ya ninachohitaji?

Hata programu mpya ya kijana inaweza kuangukia shimo hilo. Ankara yenye mistari 40, ikitumwa mstari mmoja mmoja kwa milisekunde 150, ni sekunde 6 za mteja kusimama akimwangalia muuzaji. Ndiyo maana kwenye mifumo ya kivinjari, programu huwekwa jirani na databesi yake, jengo moja ikiwezekana, na kinachovuka barabara ndefu ni ukurasa uliokwisha kuandaliwa.

Fundi naye ana hoja, tena ukitazama vizuri utaona haiko mbali na hiyo. Kompyuta ya kukodi iliyo mtandaoni, Access na faili vikae humo pamoja, Moshi na Babati waone picha ya skrini na kutuma kipanya na kibodi. Umbali kati ya anayepekua na rafu unakuwa sifuri. Moshi ikikatika, kilichokatika ni picha, programu inaendelea kuwa wazi kule ilipo, muuzaji akirudi anaikuta alipoiacha. Kwako wewe ni siku chache za kazi, hakuna mstari wa programu unaobadilika.

Uangalie nini hapo? Leseni, kwanza. Windows ya seva kwa kawaida huruhusu watu wawili tu kuingia kwa ajili ya usimamizi, wauzaji wako kumi watahitaji leseni zao, na hizo ni fedha ambazo fundi huenda hakuziweka kwenye makadirio. Uliza pia risiti zitatokaje kwenye printa ya Babati wakati programu iko nje ya nchi. Inafanyika, lakini ijaribiwe na printa yenu ile ile, kwa karatasi yenu ile ile. Na mlango wa kuingilia kwenye kompyuta hiyo usiachwe wazi kwa dunia nzima. Uwe nyuma ya VPN, kila muuzaji na nywila yake. Hilo la milango linahusu njia zote. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizunguka dunia kwa kupitia udhaifu wa huduma ya Windows ya kushirikishana mafaili, ile ile inayobeba folda yenu ya pamoja. Folda ya namna hiyo haikai hadharani kwenye intaneti, hata kwa siku moja ya majaribio. Databesi ya seva nayo haikai hadharani.

Halafu kuna kitu ambacho ninyi nyote wanne hamjakigusa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikawa ya kubahatisha nchini kwetu na kwa majirani. Unaikumbuka siku hiyo. Data yako ikiwa Ulaya, safari ya kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 100 siku njema, na siku ya kebo kukatika Babati hawauzi, wala Arusha wenyewe, ambao leo wanauza bila intaneti hata kidogo, hawauzi. Afrika Kusini kuna vituo vya kampuni kubwa, ni karibu zaidi kwa ramani, ila pima, usiamini ramani. Seva inaweza pia kukaa pale pale ofisini Arusha, matawi yakaifikia kwa VPN. Hapo Arusha haitegemei kebo, lakini wewe ndiye unayebeba umeme, betri, joto, na mwizi. Na popote itakapokwenda, wadeni wenu wana majina na namba za simu humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kufanya kazi tangu Mei 2023, na ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Baba mdogo alijue hilo kabla ya kutia saini.

Sasa niulize swali ambalo huenda likakushangaza. Je, ni kweli matawi yote yanahitaji stoo moja, dakika kwa dakika? Baba mdogo ndiye aliyesema, na wewe ukalipokea kama amri. Lakini filta za Babati ziko Babati. Mteja wa feni belti Moshi hana haja na hesabu ya Arusha. Kinachohitaji kuonekana na wote kwa wakati mmoja inawezekana ni vitu vichache vikubwa: gia boksi, injini, difu. Kuna maduka ambayo kila tawi lina faili lake, linauza kwa faili lake, na usiku mauzo yanatumwa makao makuu. Vile vikubwa vinaulizwa kwa simu na kuwekewa jina la mteja kabla ya kupokea pesa. Njia hiyo ina udhaifu wake. Bei zitapishana, mtu atasahau kutuma, na wewe utakuwa unaunganisha hesabu tatu kila asubuhi, jambo linalochosha zaidi kuliko linavyosikika. Lakini siku kebo ikikatika, mnauza. Sisemi mfanye hivyo. Nasema muulizeni mzee anachotaka kukiona, kwa sababu huenda anataka tu ripoti ya jioni mezani kwake.

Nimesema nitaufungua mzigo, basi nije kwenye ule upande mwingine.

Uliandika kwamba ukikubali la kijana, miaka yako inakwenda na maji. Mimi sikuona hivyo katika barua yako. Kitu kilichonisimamisha ni lile jedwali la namba mbadala. Kijana anaweza kuisimamisha seva ya PostgreSQL kwa mchana mmoja, haina malipo ya leseni, na maelekezo yake yamejaa kila mahali. Jedwali lile hawezi kulipakua popote. Hajui kwamba filta hii na ile ni kitu kimoja, wala fundi gani wa Unga Limited anaiita vipi, wala kwa nini mdeni fulani ana akaunti mbili zisizopaswa kuunganishwa. Hayo yote yamo kwenye majedwali yako na kichwani mwako, na hayafi ukibadilisha mahali yanapokaa. Nadhani umejipima kwa fomu na vitufe, wakati duka limekuwa likiishi kwa majedwali.

Lakini sitaki pia kukufariji haraka, maana hofu yako ina ukweli ndani yake. Mfumo mpya ukiandikwa na kijana peke yake, kweli utajikuta unamwomba ruhusa ya kutengeneza ripoti uliyokuwa ukiitengeneza kwa dakika kumi. Na yeye akipata kazi Dar es Salaam mwakani, duka linabaki na programu ambayo hakuna anayeijua ndani. Hayo mawili yazungumzwe mezani, mbele ya baba mdogo, kama masharti ya kazi. Usiyaweke kama manung'uniko. Nani atakuwa na nywila za seva? Nani atajaribu kurudisha nakala ya akiba, kila mwezi, kuona kama inafunguka? Je, utakaa naye, ujifunze kuandika maombi ya SQL, lugha ya kuzungumza na databesi? Umeshayaandika kwa miaka bila kuyaita jina hilo, kwani Access yenyewe huyaandika nyuma ya ukurasa. Badilisha mwonekano wa ombi lako lolote kwenda SQL, utashangaa unavyoweza kuisoma.

Umesema pia hujui kama unafikiria kuhusu kompyuta au kuhusu wewe mwenyewe. Sioni kosa kufikiria yote mawili. Ila yana saa tofauti. La kompyuta linaweza kupimwa.

Kwa hiyo kabla ya mwisho wa mwezi, mwombe kijana akusindikize Babati Jumapili moja duka likiwa limefungwa. Chukueni nakala ya faili, si lenyewe. Pimeni safari ya kwenda na kurudi hadi Arusha, hadi Afrika Kusini, hadi Ulaya, na mziandike milisekunde kwenye daftari. Kisha keti wewe kwenye kiti cha muuzaji, uuze kitu kimoja kwa njia ya fundi, kwenye kompyuta ya kukodi ya majaribio. Halafu uuze kitu kile kile kwa jedwali moja tu lililohamishiwa kwenye seva, fomu ikiwa yako ile ile. Andika sekunde. Mwishoni mchomoe waya wa intaneti katikati ya mauzo, kwa makusudi, katika kila njia, muone kimebaki nini. Mkiwa njiani kurudi mtakuwa na saa kadhaa garini wawili tu, na mtakuwa mmeona kitu kimoja kwa macho manne.

Kama faili lako bado halijagawanywa, yaani fomu na majedwali vimo pamoja na matawi yote yanafungua nakala moja ya fomu, ligawanye hata kama hutabadilisha kingine chochote: majedwali yabaki kwenye folda, kila kompyuta iwe na nakala yake ya fomu. Na kwa sasa, mpaka muamue, irudishe Arusha kwenye waya na uwaambie Moshi na Babati wapige simu kwa kila kitu kikubwa.

Niandikie tena ukitoka Babati, na uniletee zile namba. Nataka hasa kujua kilichobaki mlipochomoa waya.